Pengo la Kogo Chemtai

Nyinyi vijana mnaosomea kutengeneza meno mnanichekesha. Mnaniuliza, "Mama, plasta ilikuwaje?" kama watu wanaouliza habari za mkoloni. Plasta ilikuwa juzi! Vidole vyangu bado vina nyufa zake. Nimestaafu, ndiyo, niko nyumbani hapa na kuku wangu, lakini sijasahau kitu, na hasira zangu nazo hazijastaafu. Basi kaeni niwaambie, na mtu asinikatize.

Nianze na siku niliyopiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje mbio. Ilikuwa kwenye kliniki moja ya meno pale Bungoma. Daktari Nanjala, mwenye kliniki, binti mdogo ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, alikuwa amenunua mashine akaja kuiweka ndani ya chumba changu cha kazi, juu ya meza yangu, mahali pale pale nilipozoea kukatia modeli. Kisanduku tu, chenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Ndani kuna uji mzito wa kijivu, na chini yake taa ya zambarau inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nikakipuuza nikaenda kunywa chai. Kurudi, mayi wee! Kwenye ule uji kulikuwa kunainuka taya la mtu. Limeangalia chini, meno yanadondosha matone, linaning'inia kama popo. Kikombe kilinitoka mkononi.

"Daktari! Daktari, kuja! Kuna mtu ndani ya hii kitu!"

Akaja mbio. Alipoona kilichonitisha, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, si nilikuambia? Inachapisha. Hiyo ni modeli tu."

"Modeli gani inakuja bila mtu kuikoroga?"

"Hiyo ndiyo maana yake, bana. Hakuna kukoroga tena."

Sikukisogelea tena kile kisanduku hadi jioni, na msifikiri natia chumvi. Maisha yangu yote ya kazi nilijua kwamba modeli ya meno hutoka kwa mikono ya mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mimi. Sasa nimesimama mbele ya sanduku lisilo na hata kidole kimoja, nalo linazaa taya. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngepiga picha, najua.

Kwa wale ambao hawajaona plasta hata siku moja, kazi yetu ilikuwa hivi. Mgonjwa anatiwa mdomoni trei ya chuma iliyojaa dawa laini ya kupimia. Anatulia nayo mpaka igande. Ikitolewa, ina alama ya kila jino na kila mkunjo wa ufizi, na hicho ndicho tulikiita kipimo. Ndani ya kipimo unamwaga plasta. Ikikauka unabandua, na hapo una kinywa cha mtu mezani, cheupe, kigumu, wala huna haja ya kumsumbua mwenyewe tena. Juu ya hiyo modeli ndipo unamtengenezea meno ya bandia. Modeli ikikosea kidogo tu, mgonjwa atalia kila akitafuna.

Aliyenifundisha ni Mzee Wekesa, katika maabara moja ndogo pale Kitale. Alikuwa mtu wa Chwele, na kwake l na r zilikuwa kitu kimoja, kwa hivyo nilijua "prasta" kabla sijajua plasta. "Maji kwanza, prasta baadaye!" alikuwa akipaza sauti. "Nikikuona umetanguliza unga, nenda ukauze sukuma wiki!" Na ukishakoroga, unagonga bakuli mezani taratibu, unagonga na unagonga, mpaka mapovu yapande juu yapasuke. Povu moja likijificha kwenye alama ya jino, modeli inatoka na kipele ambacho mgonjwa hana. Mimi niliwahi kumtengenezea mwalimu mmoja meno juu ya modeli yenye kipele. Hayakuingia kabisa. Nikamlaumu mwalimu, nikamwambia kinywa chake kimevimba. Mzee Wekesa akachukua modeli, akakikwangua kipele kwa kucha, akaniangalia. Akaenda zake kuvuta sigara, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Siku nyingine nilimwaga mabaki ya plasta kwenye sinki. Jamani, msifanye hivyo kamwe. Ilienda ikagandia ndani ya bomba, na maabara nzima ikakosa maji. Mzee alinikabidhi nyundo na patasi, akavuta kiti, akakaa kunitazama nikivunja ukuta, huku akinywa chai yake na kuniambia nimeshika nyundo kama kijiko.

Na msisahau kwamba ile dawa ya kupimia haingoji. Ikikauka inasinyaa. Vipimo vya wagonjwa wa Bungoma vililetwa kwetu Kitale vimefungwa kwa kitambaa chenye maji. Siku moja vikapewa mtu wa pikapu aliyetoka kuuza kuku sokoni Chwele, na yeye kwa roho safi akaona kitambaa kimelowa, akakitoa, akaviweka mbele kwenye kioo vipigwe na jua. Tukamwaga plasta bila kujua. Mwalimu mkuu wa watu alipokuja kujaribu meno yake, aliyashika mkononi akauliza, "Haya ni yangu au ya mtoto wa nasari?" Tulicheka, lakini si mbele yake.

Kitu kimoja hakikutuchekesha, nacho ni Kogo Chemtai.

Kogo ndivyo watu wa Mlima Elgon wanavyomwita nyanya, na huyu alitoka juu kule Cheptais. Ng'ombe wake mwenyewe alimpiga kwa kichwa akimkamua, meno ya mbele ya juu yakaenda yote. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao, mwanamke wa kuomba kwa sauti mpaka madirisha yanaitika. Baada ya ng'ombe, kimya. Alipokuja kwetu Kitale alikuwa anazungumza huku ameshikilia pembe ya leso mdomoni. Binti yake aliyemleta alituambia hali chakula mbele ya watu, haombi tena, na kwenye sherehe anakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alitaka meno. Alitaka meno kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona.

Lakini hakuweza kupimwa. Trei ikigusa tu kaakaa lake, anatapika. Tulijaribu kila ujanja, na nyinyi pia mjifunze, kwa sababu bado mtakutana nao: chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi, kupumua kwa pua, kumwambia ainue mguu mmoja na autazame huo mguu asitazame trei. Kwa wengine inasaidia. Kwa Kogo, wapi! Alitapika juu ya aproni yangu. Alimng'ata Mzee Wekesa kidole kwa magego yaliyobaki. Mara ya mwisho ile dawa ilimponyoka Mzee ikateleza nyuma kooni, na Kogo akanishika mkono, macho yamemtoka, hapumui. Tuliitoa kwa vidole. Alipopata pumzi alijifunga leso yake vizuri, akasimama.

"Siwezi kufa juu ya meno," akasema. "Musiniite tena."

Bila kipimo hakuna modeli, na bila modeli hakuna meno. Siku hiyo nililia njia nzima hadi nyumbani, na mtu wa bodaboda akanibembeleza akidhani nimefiwa.

Miaka ikaenda. Mzee Wekesa akazeeka akarudi kwao, maabara ikafungwa, nami nikahamia Bungoma kwa huyu Daktari Nanjala. Mzaliwa wa Matulo, lakini alikulia Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa nusu cha darasani na nusu cha stendi. Binti mzuri. Mikono myepesi, haringi. Tuligombana kila siku.

Ugomvi mkubwa kabla ya huu nitakaowaambia ulikuwa wa rafu. Nilikuwa na rafu za modeli za plasta kutoka sakafuni mpaka darini, kila mgonjwa na jina lake kwa penseli. Daktari akanunua kamera ya kupigia mdomo, akaleta na ile mashine, akasema rafu zitoke, nafasi inahitajika. Nikafikiri anatania. Mvua zikaja, uwanja wa kliniki ukawa matope matupu, na asubuhi moja naingia kazini nasikia kitu kinalia kraa chini ya kiatu. Naangalia. Mungu wangu! Walikuwa wamejazia dimbwi la getini kwa modeli zangu. Nimesimama juu ya kinywa cha mke wa pasta! Pembeni yake yuko karani wa kaunti, magego yote juu, na bodaboda anampitia.

"Nanjala!" Sikuita hata daktari. "Umetandaza watu barabarani!"

"Mama, ni plasta. Watu wenyewe wako kwao wanakunywa chai."

"Na wakirudi wamevunja meno? Utatoa modeli wapi?"

"Nitawapiga picha tu. Kamera inaingia mdomoni, inazunguka, kompyuta inachora, mashine inachapisha. Basi."

"Na dawa ya kupimia?"

"Hakuna. Hakuna trei, hakuna dawa. Kitu inaingia ni haka tu." Akanionyesha kamera yenyewe, mche mwembamba kama mswaki mnene.

Nilikuwa na maneno mengine mengi tayari mdomoni, ya kutosha mpaka saa sita. Yakaisha yote. Nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti, matope kwenye viatu.

"Mama, uko sawa?"

"Kuna mtu," nikamwambia. "Kuna mtu Cheptais."

Kumpata haikuwa rahisi. Niliuliza kwa akina mama wanaoshusha viazi vyao soko la Chwele kutoka mlimani, mpaka mmoja akasema, anhaa, yule wa leso? Ni wa kanisa letu. Yuko, lakini sauti yake hatujaisikia siku nyingi. Nikampa ujumbe. Soko lililofuata nikaletewa jibu: atakuja mara moja tu, na ikishindikana tusimtajie meno mpaka azikwe.

Kwa hivyo mnaelewa nilivyokuwa. Tulikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo imo ndani ya sanduku nisiloliamini. Nikamwambia Daktari aanze na mimi. Akaingiza kamera mdomoni mwangu, akachapisha, na mimi nikajimwagia modeli ya plasta ya zamani, ile ya mikono. Nikaziweka pamoja mezani. Nilipima kila jino. Nilipima mpaka ile kona ya jino langu iliyovunjwa na mfupa siku ya harusi yangu. Zililingana! Ile ya mashine haikuwa na povu hata moja. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyekuta nyumba yake inaendelea vizuri bila yeye.

Lakini mashine nayo ina vituko vyake, msidanganywe. Siku ya kwanza stima ilipotea katikati ya kazi, tukapata ufizi mtupu usio na meno. Siku ya pili modeli ilikataa kushika juu inaponing'inia, ikabaki chini imeganda kama chapati, na hapo nilicheka mpaka Daktari akanuna. Ndipo nikaanza kumsaidia, kwa sababu mtu wa plasta anajua vitu vinavyoganda. Uji ule utikise kwanza, rangi yake hutulia chini. Vaa glavu, unawasha ngozi. Modeli ikitoka ioshe vizuri kwa spiriti, ikauke, kisha iweke kwenye taa yake mpaka ikomae kabisa. Ukiwa na haraka itajipinda baada ya siku chache, na utamlaumu mgonjwa kama nilivyomlaumu yule mwalimu.

Kogo akaja. Alikuwa amepungua, leso ni ile ile au dada yake. Aliingia akanusa hewa, akatafuta kwa macho bakuli na trei.

"Uji ile ya kooni iko wapi?"

"Hakuna uji, Kogo. Ni haka tu."

"Usinidanganye, wewe mama. Nakukumbuka."

Alikaa. Alishika mikono yangu yote miwili, na kucha zake ziliniingia. Daktari akaanza na mbele, polepole. Alipofika nyuma Kogo akataka kutapika, na mimi nikafumba macho, nikajua imeisha. Daktari akatoa kamera. "Pumua, Kogo. Hakuna haraka." Kogo akapumua. Kamera ikarudi ikaendelea pale pale ilipoachia, kana kwamba hakuna kilichotokea! Kwa dawa yetu hiyo haiwezekani, ikishavurugika umetupa yote. Alipumzika alivyotaka, wakaendelea, akapumzika, wakaendelea, na mara Daktari akasema, "Tumemaliza."

Kogo akageuza shingo kwenye kompyuta. Kinywa chake kilikuwa pale kizima, cha rangi ya waridi, kinazunguka.

"Ai! Hiyo ni mdomo yangu?"

"Ni yako."

Akaitazama muda mrefu, akajifunika leso, akatuaga. Mimi nilienda nyuma ya kliniki nikapiga magoti kwenye majani.

Sasa ndio twende kwenye ugomvi wenyewe.

Siku chache baadaye nilikuta modeli za Kogo zimetoka. Ya juu ilikuwa safi, pengo la ng'ombe lote linaonekana, tayari kwa kazi. Nikachukua ya chini. Nilipoiona, damu ilinipanda kichwani. Mbele, katikati, palikuwa na meno mawili ambayo Kogo hana!

Niwaeleze, kwa sababu wengi wenu hamjui. Kwetu Bungoma, na kule mlimani pia, watu wa rika la Kogo waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini wakiwa watoto. Ilikuwa mila. Pengo hilo halikuwa ugonjwa wala ajali. Ukimwona mzee analo, unajua ni mtu wa nyumbani. Mzee Wekesa mwenyewe alikuwa nalo, na jambo aliloniapisha kuliko yote, kuliko hata maji kwanza, ni hili: pengo la chini la mzee usiliguse. Mtengenezee mengine yote, hilo liache.

"Nani alikuambia ujaze hapa?" nikamuuliza Daktari.

"Hapo? Kulikuwa na pengo, Mama. Nikajaza kwa kompyuta, halafu nikaichapisha hivyo ili aone vile meno yatakaa. Si ni ng'ombe alitoa yote?"

"Ng'ombe gani anang'oa ya chini vizuri hivyo? Hiyo ni mila! Umemfutia mtu kwao!"

"Woi. Sikujua, Mama. Haki sikujua."

"Kukhu yako, nyanya yako huko Matulo, hakuwa nalo?"

"Kukhu yangu sikumjua. Alikufa kabla nizaliwe."

Nilimwonea huruma, lakini sikunyamaza. Nilimwambia mashine yake haina adabu. Nilimwambia Kogo akiona hii atafikiri tunamcheka, atavuta leso yake atoke, na safari hii hatarudi, na lile kanisa la Cheptais halitamsikia tena mpaka kifo. Daktari alikuwa karibu kulia. Akachapisha modeli nyingine ya chini, kinywa kama kilivyo, na pengo lake. Ile yenye meno ya ziada nikaisukuma nyuma ya chupa za spiriti, nikaifunika kwa kitambaa, nikapanga kuiponda kwa nyundo nikipata nafasi.

Kogo akarudi kujaribu nta, yaani meno ya juu yakiwa bado yamesimamishwa kwa nta ili yarekebishwe. Nilikuwa nimekata fupi kabisa nyuma ya kibao kinachoshika meno, kisimguse panapomtapisha. Nilikuwa najivuna, acha niseme ukweli. Nikageuka kuchukua kioo. Daktari akasogeza chupa atafute spiriti, kitambaa kikaanguka, na mimi nikarudi na kioo. Kogo alikuwa ameishika mkononi ile modeli niliyoificha.



"Hii ni ya nani?"

"Kogo, hiyo ni makosa," nikaruka. "Mashine haijui mila. Hii ndiyo yako, angalia, pengo lako liko. Hiyo tunatupa."

Hakuitazama niliyomnyooshea. Aliweka kidole juu ya yale meno mawili, akapapasa la kwanza, akapapasa la pili. Leso ilikuwa imemteleza begani na hakujali.

"Zilikuwa hivi," akasema.

"Kogo?"

"Zilikuwa hivi. Lakini hii ya kushoto ilikuwa imelalia mwenzake kidogo."

Daktari aliacha chupa.

"Nilikimbia siku hiyo," akasema Kogo, na alikuwa anaongea na modeli, si na sisi. "Nilijificha kwa ghala ya mahindi. Wakanitoa. Mzee akakuja na chuma yake. Mwenye alinishika kichwa ni mama yangu, na alikuwa analia, machozi yake inaniangukia hapa kwa macho. Mimi nilikuwa msichana ya kucheka, unajua? Kucheka yangu ilikuwa inasikika mpaka mtoni. Baada ya hapo nikawa nacheka na mkono."

Akainua mkono, akafunika mdomo, akatuonyesha. Na mimi nilidhani mkono ule na leso ile vilianza na ng'ombe! Miaka yote hiyo nilidhani ni ng'ombe.

"Lakini Kogo," nikasema, na hata sijui kwa nini sikunyamaza, "ile ni mila yetu..."

"Yetu?" Alinitazama mdomoni. "Fungua."

Nikafungua. Mtu mzima, mama wa watoto, nikafungua mdomo kama mgonjwa. Akainama akatazama meno yangu ya chini, yote yako, yamepangana kama mahindi.

"Wewe ziko zote," akasema. "Wakati ule hawakuniuliza. Na wewe leo, na hiyo kitu yako ya mila, pia hujaniuliza."

Nilikuwa nimesimama na modeli ya pengo mkononi, ile niliyoipigania, na nilitaka kuificha mahali popote, hata mfukoni. Aliyeuliza ni Daktari. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamshika goti.

"Kogo, unataka gani?"

Akamwonyesha ile niliyotaka kuiponda.

"Hii. Na ya kushoto ilale."

Niliyatengeneza kwa mikono yangu, hayo mawili, nikamkataza Daktari asiyaguse. Meno ya jirani yalikuwa yameinama kuelekea pengo kwa miaka yote hiyo, nafasi imekuwa nyembamba, kwa hivyo niliyasaga pande zote mbili, nikajaribisha juu ya modeli ya mashine, nikasaga tena, mpaka yakaingia bila kulazimishwa. La kushoto nililaza juu ya mwenzake kidogo. Nililaza, nikaona limezidi, nikaliinua, nikalaza tena. Sikuwahi kuogopa kazi namna hiyo, hata nilipokuwa naanza.

Alipokuja kuyachukua nilimvisha ya juu kwanza. Hakutapika. Kisha ya chini. Akafunga mdomo. Tuliona ulimi wake ukizunguka nyuma ya midomo, unatafuta mahali ulipozoea kutokea, haupapati, unarudi kutafuta tena. Daktari akampa kioo. Kogo akajiangalia, akafungua midomo taratibu, na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda kwenda kufunika, ukafika kifuani, ukashuka.

Akasema kitu kwa lugha yake, kwa sauti ndogo, akiangalia kioo. Mimi sijui lugha ya mlima, na Daktari hajui. Nilitaka kukisia. Nikajizuia.

"Kogo," nikamuuliza, "umesema nini?"

"Si kwako," akasema. "Nimeambia mama yangu zimerudi."